Mwanangu kasema "Mama, baketa!", mwalimu kasema "narimashita". Tofauti ni nini hasa?

#1 MamaWaHamamatsu

Wakuu, salaam. Naomba msaada wa lugha.

Niko Hamamatsu, Japani, mwaka wa sita sasa. Mwanangu kamaliza chekechea Machi hii. Siku ya sherehe yeye alitangulia na baba yake, mimi nikabaki nyumbani kujiandaa. Nilikuwa nimesuka upya, nikavaa gauni la kitenge, nikapaka wanja na rangi ya mdomo, mambo ambayo siku za kazi sina muda nayo kabisa. Nimefika mlangoni, mtoto kanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, kisha kapaza sauti mbele za watu: "Mama, baketa!"

Akina mama wakacheka, mmoja akaziba mdomo kwa mkono. Mwalimu wake akawahi kusema: "Kirei ni narimashita ne." Hiyo niliielewa, kwamba nimependeza. Ila ile ya mtoto imenikaa moyoni. Kamusi yangu inasema *bakeru* (*baketa* ni wakati wake uliopita) ni kugeuka umbo, tena mifano yake yote ni ya wanyama na mizuka. *Naru*, ile ya *narimashita*, nayo ni kuwa au kugeuka. *Kawaru* ni kubadilika. Vitenzi vitatu, na mimi vyote navitia kwenye kapu moja la "kugeuka".

Swali: mtoto kanisifu au kaniita zimwi? Na kwa nini mwalimu hakurudia neno lile lile la mtoto?

#2 KijanaWaN4

*Obake* ni mzuka, na linatokana na hicho hicho *bakeru*. *Bakemono* ni zimwi. Pole dada, jibu unalo.

#3 BintiMvita

@KijanaWaN4 usimtie mtu unyonge kwa nusu ya somo.

Dada, nimefundisha Kijapani cha mwanzo hapa Mombasa kwa miaka kadhaa, na vitenzi hivi huwa navieleza hivi. *Kawaru* anaangalia kule ulikotoka: kitu hakiko tena kama kilivyokuwa. *Naru* anaangalia unakofika, ndiyo maana lazima umpe mahali pa kufikia: *isha ni naru*, kuwa daktari, *samuku naru*, kuwa baridi. *Bakeru* ni wa ngozi. Umbo la nje ni jipya, lakini mwenyewe ndani ni yule yule. Wajapani husimulia kuwa mbweha, *kitsune*, na *tanuki*, mnyama wa mwituni wa jamii ya mbwa, wanaweza kujigeuza watu. Wana msemo kwamba mbweha ana mageuzi saba, tanuki manane. Sasa yule mwanamke mzuri unayekutana naye njiani usiku ni mbweha bado, ila huoni. Akigundulika wanasema *bake no kawa ga hagareru*, ngozi ya kujigeuzia imebanduka.

Kwa hiyo mwanao alimaanisha kwamba wewe ni mama yake yule yule, ila kwa nje hukutambulika. Kwa mtoto wa umri huo sioni tusi hapo.

#4 MamaWaHamamatsu

@BintiMvita asante sana. Na umenikumbusha kitu! Februari darasa lao walicheza igizo la tanuki aliyejigeuza birika la chai. Mwanangu alikuwa miongoni mwa watoto wa nyuma wanaobeba moto wa karatasi. Wiki nzima nyumbani ilikuwa *bakeru, baketa, bakeru, baketa*.

#5 MtembeziWaGunma

Hiyo ni Bunbuku Chagama. Birika lenyewe liko hekalu la Morinji, mji wa Tatebayashi, mkoa wa Gunma. Nimefika, na njia ya kuingilia imepangwa masanamu ya tanuki kila upande.

Ila kuna masimulizi mawili, na watu huyachanganya. La watoto ni la tanuki aliyejigeuza birika ili kumsaidia maskini aliyemwokoa. Alipowekwa motoni akaungua, kichwa, miguu na mkia vikachomoza, mwisho akatembea juu ya kamba watu wakilipa kumtazama. Masimulizi ya hekalu lenyewe ni ya mtawa Shukaku aliyekuwa na birika lisilokwisha maji hata likichotwa mara ngapi, baadaye ikaonekana kwamba mtawa ndiye tanuki. Kwa hiyo kwenye la kwanza birika ndilo mnyama, kwenye la pili mtawa ndiye mnyama.

#6 MzeeWaMnada

Nimeingia kwa sababu neno hili nalijua kwa njia ya kazi. Naagiza magari kutoka Japani, yard iko Dar. Zamani walikuwa wananitumia orodha za mnada kwa faili, nikifungua kwenye kompyuta naona takataka tupu: alama za kuuliza, vijisanduku, herufi zisizo na mama wala baba. Wakala wangu wa Yokohama akaniambia hiyo inaitwa *mojibake*. *Moji* ni herufi, *bake* ni hiyo hiyo ya huyo dada.

Kijana aliyenitengenezea kompyuta alinielewesha kwamba faili halijaharibika hata kidogo. Waliliandika kwa mpangilio wa Shift_JIS, kompyuta yangu inalisoma kwa mpangilio mwingine. Namba za ndani ni zile zile. Ukibadilisha mpangilio wa kusomea, Kijapani chote kinarudi safi.

Naona inamuunga mkono @BintiMvita. Ndani hakuna kilichobadilika, aliyekosea ni msomaji.

#7 Mdau_Kahama

@MzeeWaMnada na ile sauti ya dada kwenye magari, ukiwasha tu anasema "ETC kādo ga..." anamaanisha nini? Miaka minne ananisalimia kila asubuhi na sijui nimjibu nini.

#8 MzeeWaMnada

@Mdau_Kahama *ETC kādo ga sōnyū sarete imasen*. Kadi ya kulipia barabara haijaingizwa. Usimjibu, fundi umeme wa magari anaweza kukichomoa hicho kifaa.

#9 KijanaWaN4

Tuangalie kanji basi, ile herufi ya Kichina wanayoandikia *bakeru*: 化. Kushoto mtu, kulia kijiko. Mtu na kijiko, yaani dawa, anakunywa anageuka.

#10 Mwandiko

@KijanaWaN4 hapana. Umbo la kulia linafanana na lile la kijiko, lakini asili yake hapa ni mtu aliyepinduliwa. Mtu mmoja wima, mwingine kichwa chini miguu juu. Hiyo ndiyo picha ya mageuzi.

Angalia kanji hii inaishi wapi: *bunka*, utamaduni, *kaseki*, kisukuku, kiumbe kilichokuwa jiwe, *kagaku*, kemia. Na kwa sababu *kagaku* ya kemia inatamkwa sawasawa na *kagaku* ya sayansi, Wajapani wakitaka kuzitofautisha kwa mdomo huiita kemia *bakegaku*, elimu ya mageuzi. Kisha kuna *keshō*, vipodozi. Ile *ke* ya mwanzo ni kanji hii hii! Dada alipaka wanja na rangi ya mdomo. Hata kwa maandishi, kujipamba na kujigeuza vimezaliwa nyumba moja.

#11 BintiMvita

@Mwandiko maelezo mazuri, ila angalizo moja. Kanji ilitoka China, kitenzi *bakeru* ni cha Wajapani wenyewe. Kanji inatuonyesha walikihusisha na nini walipoanza kukiandika. Haituelezi kitenzi kilimaanisha nini kabla ya hapo.

#12 Mwandiko

Nimekubali nusu. Wameviandika pamoja kwa karne nyingi mno kusema haviambukizani.

#13 OsakaKwetu

Mimi napinga maelezo ya ngozi moja kwa moja.

Nafanya kazi Osaka, na wenzangu ni wapenzi wa rakugo, ule usimulizi ambapo msanii mmoja anakaa kwenye mto na kusimulia kisa kizima kwa sauti za watu wote. Kijana anaweza kusimulia miaka mingi bila mvuto. Halafu siku moja anapanda jukwaani na watu wanashikwa, kila neno linafika. Hapo wazee husema *baketa*. Kwenye soko la hisa pia, hisa ya bei chee inayopaa ghafla huitwa *ōbake*, mgeuko mkubwa. Hata mchezaji wa mpira aliyekuwa wa benchi akalipuka msimu mmoja anaambiwa hivyo.

Sasa niambieni, ngozi iko wapi? Yule msanii kabadilika ndani kabisa. Kwangu *bakeru* si habari ya ndani na nje, ni habari ya mtazamaji. Hakutegemea, akapigwa na butwaa. *Naru* unamsema anayefika mahali ulipojua anaelekea. Mwanafunzi wa udaktari *isha ni naru*. *Baketa* ni yule ambaye hakuna aliyemhesabu. Kwa hiyo dada, umesifiwa, tena sifa ya wasanii.

#14 BintiMvita

@OsakaKwetu matumizi hayo yapo, sikatai. Ila nadhani yamechipuka kutoka kwenye yale ya mbweha: tulidhani ni huyu, kumbe ni mwingine. Na angalieni, mtu mzima kumwambia mwanamke *keshō de baketa* inaweza kuwa sifa, na inaweza kuwa kumwambia kwamba bila vipodozi si lolote. Nafikiri ndiyo maana mwalimu akawahi na *narimashita*. Alikuwa anamsitiri mzazi.

#15 FundiWaKawasaki

Mnaongea *bakeru*, mimi niliumizwa na *kawaru*.

Mwaka wangu wa kwanza kiwandani, kiongozi wa zamu alikuwa mkali sana. Baada ya likizo ya Agosti akarudi mpole, anasalimia, anauliza kama tumekula. Nikataka kumwambia kwa heshima zote kwamba amebadilika, na tumefurahi. Nikachukua *kawaru*, nikaiweka kwenye *-te imasu* kama nilivyofundishwa: "Kawatte imasu ne." Uso wake ukafunga pale pale. Siku mbili hakunisemesha. Mzee mmoja wa ghala ndiye aliyeniweka kando akaniambia kwamba *kawatte iru* ikisemwa juu ya mtu maana yake ni mtu wa ajabu, asiye kama wenzake. Nilipaswa kusema *kawarimashita ne*.

Nilimfuata nikamwomba radhi. Alinisamehe na tulifanya kazi vizuri miaka mitatu. Ila mpaka leo nikikisikia hicho kitenzi tumbo linashtuka.

#16 UstadhSarufi

@FundiWaKawasaki pole sana kaka. Kisa chako kinagusa jambo ambalo sisi waswahili tungelifaidi kuliko wanafunzi wengine wote, na vitabu havituambii.

Watu wengi hufundishwa kwamba *-te iru* (kwa adabu *-te imasu*) ni sawa na "-na-". *Tabete iru*, anakula. Sawa. Halafu wanakutana na *shinde iru*, wanatafsiri "anakufa". Siyo! Ni "amekufa". *Kekkon shite iru* ni "ameoa" au "ameolewa". *Futotte iru* ni "amenenepa", *yasete iru* ni "amekonda", *tatte iru* ni "amesimama". Mswahili hahitaji maelezo marefu hapo, maana "-me-" yetu inafanya kazi ile ile: tendo limepita, hali imebaki. Ukisema "amevaa kofia", kofia iko kichwani sasa hivi, kama *kabutte iru*. Hata dada wa gari la @Mdau_Kahama: *sarete imasen* ni "haijaingizwa", wala si "haiingizwi".

Vitenzi vya mageuzi vyote vimo kundi hili. *Bakete iru* haina maana kwamba tanuki yuko katikati ya kujigeuza. Maana yake amekwisha kujigeuza, amekaa hapo kama birika, anakusubiri uwashe moto. Na *kawatte iru* ni "amebadilika na amekaa hivyo", yaani yuko tofauti, na kutoka hapo ndipo ikawa mtu wa ajabu.

Kingine ni vitenzi vyao vinavyokwenda viwili viwili: *kawaru* na *kaeru*, *okiru* na *okosu*, *bakeru* na *bakasu*. Sisi tuna geuka na geuza, amka na amsha. *Bakasu* ni kumfanya mwingine aone visivyokuwepo. *Kitsune ni bakasareta*, nimechezewa na mbweha.

#17 FundiWaKawasaki

Ustadh, ningepata hili somo mapema ningelala usingizi wiki ile. Asante.

#18 KijanaWaN4

Basi nami niulize. Mkahawani niliagiza nikasema *kōhī ni narimasu*, dada akainama kuficha kicheko. Halafu yeye mwenyewe akaleta kikombe akasema *kōhī ni narimasu*! Kwa nini yeye ruhusa mimi marufuku?

#19 OsakaKwetu

Kwa sababu wewe ulisema utageuka kahawa. Kuchagua ni *kōhī ni shimasu*. *Suru* unaamua wewe, *naru* linatokea lenyewe.

Na ya mhudumu, Wajapani wenyewe wanagombana. Wengi wa rika la wazazi wangu hawaipendi, wanauliza kabla ya kuwa kahawa kilikuwa kitu gani. Kwenye bei haina tatizo, *sen en ni narimasu*, jumla inafika yen 1,000. Vijana wa migahawani wamelivuta neno mpaka kwenye vikombe kwa sababu linasikika la adabu. Na kweli *naru* lina adabu ndani yake: mwalimu akirudi nyumbani husemi *kaeru* (hii ni ya kurudi, siyo ile ya kubadilisha), unasema *o-kaeri ni naru*. Hata watu wakitangaza ndoa husema *kekkon suru koto ni narimashita*, imekuwa kwamba tunaoana, kana kwamba jambo limejiamulia.

#20 Sataranji_Ilala

Mmeliacha *naru* lionekane jepesi, kana kwamba ukishafika umefika. Njooni kwenye shogi.

Shogi ni kama sataranji yao. Kete ikiingia safu tatu za mwisho upande wa adui, unaweza kuipindua, na nyuma ina maandishi mengine. Tendo hilo linaitwa *naru*. Askari wa mwisho kabisa, *fu*, akipinduliwa anakuwa *tokin*, anatembea kama kete iitwayo dhahabu. Kutoka hapo ndipo likaja neno *narikin*, mtu aliyetajirika ghafla. Lilivuma sana wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, wenye meli walipopata fedha zisizo na hesabu.

Lakini adui akiila hiyo *tokin* yako, mikononi mwake inarudi kuwa *fu*. Kete ni ile ile, imepinduliwa tu sura. Sasa hapo ni *naru* au ni *bakeru*? Kwa kanuni ya @BintiMvita ingekuwa *bakeru*, na kwa kanuni ya @OsakaKwetu pia, maana *fu* nani alimhesabu? Wao wanasema *naru*.

#21 Kiwavi

Nasomea wadudu, niongeze mzigo. Kiwavi akigeuka kipepeo, umbo lote la nje linabadilika, hata jirani yake wa jana hamjui. Kijapani wanasema *chō ni naru*. Sijamsikia mtu akisema kiwavi *baketa*, labda kwenye hadithi za watoto. Lakini kile kitendo cha kutoka na mabawa kinaitwa *uka*, na hiyo *ka* ni kanji ya @Mwandiko. Kanji ya *bakeru* imo, kitenzi *bakeru* hakimo.

Tahadhari kwa wanaosoma biolojia: metamofosi inaitwa *hentai*. Darasani ni neno safi kabisa. Nje ya darasa lina maana ya aibu. Usilitamke kwenye treni.

#22 Mkunazini

Nasoma kimya tangu juzi. Kwetu Unguja bibi zetu hawasemi mchawi "kageuka" paka. Wanasema "kajigeuza". Ile "ji" ndiyo yenye uzito. Maziwa hugeuka, upepo hugeuka, mtu hugeuka akiitwa. Kujigeuza kuna nia. Naona *bakeru* ni kujigeuza: mbweha ana nia, tanuki ana nia, na huyo dada alikaa mbele ya kioo akaamua. Kiwavi hana nia, askari wa shogi hana nia, kwa hiyo *naru*.

#23 MzeeWaMnada

@Mkunazini nimeipenda, lakini faili langu la mnada lilikuwa na nia gani?

#24 Mkunazini

Hapo umenikamata babu. Nitalifikiria.

#25 MamaWaHamamatsu

Nimerudi, wapendwa. Nimesoma yote, mengine mara mbili, na mume wangu nimemsomea kwa sauti wakati tunakula. Ahsanteni mno.

Jana nilimuuliza mtoto mwenyewe, kwa Kiswahili, kwa nini siku ile aliniambia vile. Akasema alikuwa anatafuta mkia. Kumbe aliponizunguka pale mlangoni, mimi nikadhani anaangalia mshono wa gauni, alikuwa anatazama kama mkia umebaki nje kama wa tanuki kwenye igizo. Nikamuuliza, ukauona? Akasema hapana. Akaenda zake kucheza.

#26 BintiMvita

Mashaallah. Basi ni ya ngozi! Anayetafuta mkia anajua ndani kuna yule yule.

#27 OsakaKwetu

Au ni ya mshangao. Asingeshangaa asingetafuta mkia.

#28 Mkunazini

Au alijua mama yake alikusudia.

#29 Mdau_Kahama

Mimi bado na dada wa gari. Fundi kakichomoa kile kifaa, sasa asubuhi kimya, nimeanza kumkumbuka. Ustadh, kabla uzi haujazama: nasikia mti kuzaa matunda nako ni *naru*. Ni hicho hicho au kingine? Mwembe wangu mwaka huu umejaa, nataka nijue pa kuanzia.

#30 UstadhSarufi

*Mi ga naru*, tunda hutokea mtini. Wakiandika kwa kanji mara nyingi hutumia nyingine, 生, lakini kamusi nyingi huviweka kama ndugu. Ua lilikuwa ua, limekuwa embe. Likiiva tuambie, na useme *natte iru*, siyo *naru*, kama embe liko mtini tayari.